Gari la otomatiki likigoma mlimani: Pima kabla ya kushusha giaboksi

MFANYABIASHARA amepakia matenga ya nyanya Ruaha Mbuyuni na sasa anapanda Mlima Kitonga kuelekea soko la Iringa. Katikati ya mlima injini inaanza kuunguruma kwa nguvu, lakini gari haliongezi mwendo. Anakanyaga mafuta zaidi. Injini inazidi kupiga kelele na gari linazidi kupoteza nguvu. Anaegesha pembeni. Baada ya nusu saa gari linakubali kwenda, kisha linagoma tena kilometa chache mbele. Akifika mjini, fundi wa kwanza anayemwona hafungui hata boneti. Anamwambia giaboksi imekufa, itafutwe nyingine.

Huenda fundi huyo amesema kweli. Lakini pia huenda kinachokosekana ni lita moja na nusu tu ya mafuta ya giaboksi, yaliyovuja taratibu kwa miezi kadhaa kupitia sili iliyochakaa. Jibu la pili hugharimu faida ya siku chache, wakati la kwanza linaweza kula mtaji wa msimu mzima.

Magari mengi madogo yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki kutoka Japani ni ya otomatiki. Ndiyo yanayobeba mbolea, mayai, vifaranga, mboga na bidhaa za dukani. Wenye magari hayo wengi walijifunzia gia za mkono na wanajua dalili za klachi iliyokwisha. Otomatiki kwao ni kama sanduku lililofungwa, na hapo ndipo wanapopoteza fedha, kwa kuwa hawana namna ya kumhoji fundi.

Hata hivyo, upimaji wa giaboksi hiyo una hatua zake, na sehemu kubwa ya hatua hizo haihitaji hata spana.

Ndani ya giaboksi kuna nini?

Giaboksi ya otomatiki si uvumbuzi mpya. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuiuza kwa wingi, kwa jina la Hydra-Matic, katika magari ya Oldsmobile ya toleo la mwaka 1940. Misingi yake haijabadilika sana tangu wakati huo.

Mahali pa klachi ya mguu pana chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake injini huzungusha mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayosukuma giaboksi. Ndiyo maana gari linaweza kusimama likiwa kwenye D bila injini kuzima.

Nyuma ya konveta zimo gia zilizopangwa kwa kuzungukana, pamoja na seti za pleti ndogo za klachi. Kila gia hupatikana kwa kubana seti fulani ya pleti na kuachia nyingine. Kinachobana ni mgandamizo wa mafuta unaotoka kwenye pampu, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Kinachoamua mafuta yaende wapi ni valvu, ambazo katika magari ya kisasa huongozwa na solenoidi zinazopokea amri kutoka kwenye kompyuta ya gari.

Kwa maneno mengine, mafuta hayo ndiyo yanayosukuma, yanayobana, yanayolainisha na yanayopoza. Yakipungua, yakiungua au yakichanganyika na maji, kila kitu huharibika, na upimaji wowote wa kweli huanzia hapo.

Hatua ya kwanza: Kuandika dalili

Kabla ya kwenda gereji, mwenye gari anatakiwa kuandika tatizo lenyewe kwenye daftari. “Gari halivuti” haitoshi. Linagoma likiwa la baridi au baada ya kupata moto? Ni kwenye D tu, au hata kwenye R? Linateleza gia zote au linapoingia gia moja? Lilianza ghafla au limezidi taratibu? Je, kabla ya hapo mafuta yalibadilishwa, rejeta ilizibwa, betri ilibadilishwa au gari lilivutwa?

Majibu hayo hupunguza kazi ya fundi kwa nusu. Tatizo lililoanza siku moja baada ya mafuta kubadilishwa huelekeza kwenye aina au kiasi cha mafuta. Lile lililokua kwa miezi sita huelekeza zaidi kwenye kuvuja au kuchakaa.

Hatua ya pili: Mafuta

Magari mengi ya Toyota yenye gia nne yana kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, tofauti na kile cha oili ya injini. Namna ya kupima ni hii: gari liendeshwe hadi lipate moto, kisha lisimamishwe mahali tambarare na hendibreki ivutwe. Injini ikiwa inaunguruma na mguu ukiwa kwenye breki, mkono wa gia upitishwe kila sehemu, kutoka P hadi L, kisha urudishwe P. Bila kuzima injini, kijiti kitolewe, kifutwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kirudishwe hadi mwisho, kisha kitolewe tena na kusomwa.

Kijiti kina alama mbili. Ile ya HOT ni kwa mafuta yenye joto, yaani nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, na ile ya COLD ni kwa yaliyo baridi. Wengi hupima gari la baridi kwa alama ya HOT, wakaona yamepungua na kujaza kupita kiasi. Mafuta yaliyozidi hupigwa na gia mpaka yakatoa povu, na povu halina nguvu ya kubana pleti. Hivyo kuzidisha huleta dalili zilezile za kupungukiwa.

Si magari yote yanapimwa hivyo. Honda nyingi hupimwa mara tu baada ya kuzima injini iliyopata moto, na Mitsubishi nyingi hupimwa mkono wa gia ukiwa N. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni hayana kijiti kabisa. Hayo hupimwa kwa chini, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa, na kazi hiyo aachiwe fundi.

Baada ya kiasi, yaangaliwe mafuta yenyewe kwa kudondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Mafuta mazuri kwa kawaida ni mekundu, mepesi na yanapenyeza mwanga. Yakiwa kahawia lakini hayanuki, yamezeeka. Yakiwa meusi na yananuka kama kitu kilichoungua, pleti za klachi zimeanza kuungua. Yakiwa ya rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, maji yameingia.

Dalili hiyo ya mwisho ni ya dharura. Katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya tangi la rejeta. Bomba la ndani likitoboka, maji ya rejeta huingia kwenye giaboksi, na gundi iliyoshika pleti huanza kulegea. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kilometa moja zaidi mpaka rejeta ibadilishwe na giaboksi isafishwe.

Sampo ikifunguliwa, unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku zake ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, au mabaki mengi meusi ya pleti, ndivyo vinavyosema giaboksi inahitaji kufunguliwa.

Hatua ya tatu: Yanayosingiziwa giaboksi

Mafundi wazoefu hawaigusi giaboksi kabla ya kuhakikisha kwamba tatizo haliko nje yake.

Gari linaloshtuka kwa kishindo likiingizwa D au R huenda lina mauntingi za injini zilizokatika. Namna ya kujua ni kufungua boneti, mtu mmoja akikanyaga breki kwa nguvu na kuingiza D kisha R, mwingine akiwa pembeni, si mbele ya gari, akiangalia injini. Ikiruka sana, tatizo ni mauntingi. Kishindo pia hutokea injini inapozunguka kasi kupita kiasi ikiwa haijakanyagwa mafuta.

Gari lisilovuta mlimani huenda lina plagi mbovu, koili iliyokufa, filta ya petroli iliyoziba au breki zinazobana. Tofauti ni moja: giaboksi ikiteleza, mzunguko wa injini hupanda bila gari kuongeza mwendo. Injini ikiwa dhaifu, mzunguko nao haupandi.

Katika Toyota za miaka ya 1990 ipo kebo inayotoka kwenye eksileta hadi kwenye giaboksi. Kebo hiyo huieleza giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani, na katika nyingi ya giaboksi hizo ndiyo inayoamua mgandamizo wa mafuta ndani yake. Ikilegea, pleti hubanwa kidogo, huteleza na mwishowe huungua. Kuirekebisha ni kazi ya dakika chache, lakini giaboksi nyingi zimeuawa na kebo iliyosahaulika wakati injini ilipofunguliwa.

Kisa kingine ni cha thamostati. Mafundi wengi hapa kwetu huitoa wakiamini wanazuia gari kuchemsha. Matokeo yake, hasa sehemu za baridi kama Njombe na Makete, injini huchelewa kupata joto. Kompyuta ya magari mengi hukataa kuingiza gia ya juu kabisa injini ikiwa bado baridi. Mwenye gari huona gari halibadili gia ya mwisho na linakula petroli, akaambiwa giaboksi ni mbovu, kumbe dawa ni kurudisha thamostati.

Kuna pia kitufe cha O/D kilichopo kwenye mkono wa gia. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, taa ya O/D OFF huwaka muda wote na gari haliingii gia ya nne. Wapo walioingia gereji kwa sababu ya kitufe hicho tu. Lakini taa hiyo ikiwakawaka yenyewe, katika Toyota nyingi ni ishara kwamba kompyuta imeona hitilafu.

Hatua ya nne: Kupima gari likiwa limesimama

Gari likiwa limepata moto, hendibreki imevutwa na mguu uko kwenye breki, mkono wa gia utolewe N na kuingizwa D bila kukanyaga mafuta, huku mtu akihesabu muda hadi asikie gari linashika. Vitabu vya matengenezo vya Toyota hutaka muda huo uwe chini ya sekunde 1.2 kwa D, na chini ya sekunde 1.5 kwa R. Kipimo kirudiwe mara tatu, kwa kupumzisha dakika moja kila mara, na wastani wake ndio uchukuliwe.

Ikichelewa D na R zote, mgandamizo wa mafuta ni mdogo: mafuta yamepungua, filta imeziba au pampu imechoka. Ikichelewa upande mmoja tu, tatizo liko kwenye pleti au sili za upande huo. Gari linalochelewa sana asubuhi ya kwanza na kisha kuwa sawa huenda lina sili zilizokakamaa, au mafuta hurudi chini yote usiku.

Kipo kipimo kingine cha kukanyaga mafuta hadi mwisho huku breki zimeshikwa, ili kuona mzunguko wa injini unafika wapi. Ukizidi ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, pleti zinateleza. Ukiwa chini sana, injini ni dhaifu au konveta ina hitilafu. Kipimo hicho hakitakiwi kuzidi sekunde 5, kwani joto linalozalishwa linaweza kuunguza giaboksi iliyokuwa nzima. Pia gari linaweza kuchomoka na kugonga watu. Ni kazi ya fundi mzoefu mwenye eneo salama, asiachiwe msaidizi wa gereji.

Hatua ya tano: Barabarani

Fundi anayetoa hukumu bila kuliendesha gari anabahatisha. Njiani, dalili huzungumza hivi:

Gari likiteleza gia zote, chanzo ni cha jumla: mafuta, filta, pampu au mgandamizo. Likiteleza gia moja tu, pleti au valvu ya gia hiyo ndiyo yenye kasoro.

Likiondoka kwa uzito kama lililowekwa gia ya tatu, na halibadilishi gia kabisa, mara nyingi kompyuta imeona hitilafu na imeibana giaboksi katika gia moja ili isiharibike zaidi. Chanzo kinaweza kuwa waya uliokatwa na panya au soketi iliyoingia maji.

Likitetemeka kama linalopita kwenye matuta madogo, likiwa kwenye mwendo wa kawaida wa barabara kuu na mguu umekanyaga mafuta kidogo, anayeshukiwa ni klachi ndogo iliyo ndani ya konveta. Dereva aguse pedali ya breki kidogo kwa mguu wa kushoto. Klachi hiyo huachia. Mtetemo ukikoma hapohapo, shaka inaongezeka. Usipokoma, waangaliwe plagi na koili.

Likikataa kuwaka kwenye P lakini likawaka kwenye N, au taa za rivasi zikiwa haziwaki, swichi au kebo ya mkono wa gia imehama. Giaboksi yenyewe haina kosa.

Wenye magari ya CVT, ambayo badala ya gia hutumia mkanda wa chuma na puli mbili, wasichanganyikiwe. Honda Fit, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2001, ni mfano mmojawapo. Magari hayo hayana hatua za gia, hivyo injini kubaki kwenye mzunguko uleule huku mwendo ukipanda ni kawaida yake. Lakini mlio wa kukwaruza unaopanda na mwendo, au gari kujikata ghafla mlimani, ni dalili ya hatari.

Hatua ya sita: Kompyuta

Gari likipimwa kwa mashine, hutoa namba. P0700 haisemi ni nini kimeharibika. Inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina taarifa ya kutoa, na fundi atafute namba nyingine. P0715 inahusu sensa ya mzunguko wa kuingia kwenye giaboksi, P0741 inahusu klachi ya konveta, na P0750 ni solenoidi ya kubadilisha gia.

Kosa kubwa hapa ni kuichukua namba kama orodha ya kwenda kununua spea. Namba ya solenoidi inaweza kuletwa na waya, soketi, mafuta machafu au solenoidi yenyewe. Solenoidi hupimwa kwa mita ya umeme kwa muda mfupi. Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa kipimo hicho kabla ya kutoa fedha, na aandikiwe namba zote kabla hazijafutwa.

Ikibidi kuibadilisha

Baada ya hatua zote hizo, ikithibitika kwamba pleti zimeungua, uamuzi ni kufungua na kurekebisha au kununua giaboksi iliyotumika, kama zile zinazouzwa Gerezani, Dar es Salaam. Iliyotumika ni bahati nasibu, lakini zipo njia za kupunguza hasara.

Kwanza, namba ya giaboksi isomwe kwenye kibao cha chuma cha gari na ifanane na inayonunuliwa. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Pili, mafuta yaliyobaki ndani yake yanuswe. Tatu, makubaliano ya kuirudisha yaandikwe kwenye risiti pamoja na siku zake. Nne, mabomba ya kupozea na tangi la rejeta visafishwe, la sivyo uchafu wa giaboksi iliyokufa huiua mpya. Tano, konveta iingie hadi mwisho kabla ya kufunga boliti. Ikilazimishwa, pampu hupasuka siku hiyohiyo.

Kuhusu mafuta, aina ni ile iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabu cha gari: kuna yanayotaka T-IV, kuna ya WS, na CVT zina mafuta yake peke yake. Neno “haidroliki” linalotajwa dukani halitoshi. Ikumbukwe pia kwamba kwa magari mengi madogo, nati ya chini ikifunguliwa hutoka lita 3 hadi 4 tu. Yaliyosalia hubaki ndani ya konveta na njia zake. Kiasi kilichotoka kipimwe, na kilekile ndicho kirudishwe kabla ya kupima kwa kijiti.

Kulinda iliyo nzima

Mizigo na milima ndiyo maadui wakubwa, kwa sababu vyote huzaa joto. Kupanda Kitonga, Sekenke au barabara ya Lushoto na mzigo, O/D izimwe ili giaboksi isibadilishe gia kila dakika. Wakati wa kushuka, itumike 2 au L ili injini isaidie breki. Gari lisimame kabisa kabla ya kuingiza R au P, na kwenye mteremko hendibreki ivutwe kwanza.

Likiharibika, lisisukumwe kwa kutaraji kuwaka. Pampu haizunguki injini ikiwa imezima. Kwa sababu hiyohiyo, kulivuta mbali kwa kamba, tairi zinazoendesha zikiwa chini, huikausha giaboksi na kuiua. Lipakiwe kwenye gari la kubebea, au tairi hizo zinyanyuliwe.

Anayetaka kununua gari la mtu aende asubuhi na kuomba lisiwashwe kabla hajafika. Muuzaji anayelipasha moto mapema huenda anaficha gari linalochelewa kushika likiwa la baridi. Baada ya hapo aliendeshe walau nusu saa, pakiwemo na mlima, kwani yapo yanayofanya vizuri hadi yapate moto.

Mfanyabiashara wa Kitonga naye, kabla ya kuuza chochote ili anunue giaboksi, aanze na kijiti, kitambaa na karatasi nyeupe. Akikuta mafuta yamepungua lakini bado ni mekundu, aongeze kidogo kidogo, atafute yanapovujia na kuziba. Akikuta meusi yanayonuka, atajua kwamba fundi yule hakukosea, ila naye alipaswa kuonyesha ushahidi huo kabla ya kutaja bei.